Mikese: Kivutio Kilicho Nje ya Lango

Kwa wasafiri wengi wa barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, Mikese ni mizani. Malori ya Zambia, Kongo na Rwanda hupanga foleni yapimwe uzito, madereva hunyoosha miguu, kisha safari inaendelea. Kutoka hapo zimebaki kilomita zipatazo 30 kufika Morogoro mjini, na kwa anayetoka Dar, Milima ya Uluguru imeshajitokeza upande wa kushoto, mara nyingi ikiwa na mawingu mabegani. Gari lililobeba watalii wa Mikumi halina sababu ya kusimama. Treni ya SGR nayo, kati ya kituo cha Ngerengere na kile cha Morogoro, inapita kwa kasi.

Naandika kuhusu Mikese kwa sababu naamini inatuonyesha dosari ya namna tunavyoufikiri utalii. Tumejifunza kuuza kila kilicho nyuma ya lango. Kilicho nje ya lango, yaani kile ambacho maumbile, historia na kazi za mikono ya watu vimekichanganya ndani ya vijiji hai, hatuna namna ya kukihesabu, na kisichohesabiwa hakitengewi bajeti wala mlinzi.

Lango lenyewe silidharau. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,808,205, na mwaka 2024 wakafika 2,141,895. Wengi wao walikuja kwa ajili ya Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar. Lango limewezesha mapato kukusanywa, askari wa wanyamapori kuajiriwa, na mbuga kubaki mbuga wakati ardhi ya pembeni yake ikilimwa hadi ukingoni. Mkoa wa Morogoro wenyewe una malango ya kutosha: Mikumi, hifadhi tangu 1964, Udzungwa, tangu 1992, yenye maporomoko ya Sanje, na upande wa kusini, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Ukiitazama ramani hiyo, Morogoro inaonekana mkoa uliojaa vivutio. Lakini ukiwauliza wakazi wa Matombo, Kinole au Mikese ni kivutio gani kilichowaingizia chochote mfukoni, mazungumzo yatahamia haraka kwenye ndizi na machungwa.

Tuanze na barabara, maana Mikese ni mtoto wa barabara.

Kabla ya reli, misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa ikielekea bara. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na katika kitabu chake Mikese imo kama mojawapo ya vituo vya safari kabla ya Simbamwenni, mji wenye ngome uliojengwa na Kisabengo karibu na ilipo Morogoro ya leo. Stanley alipopita, mji huo ulikuwa chini ya binti yake Kisabengo. Mtawala mwanamke, mji wenye kuta za mawe na njia ya pembe za ndovu: hadithi hiyo peke yake ingetosha kuwafanya watu wa nchi nyingine wajenge makumbusho. Kisha Wajerumani wakaleta reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, na Mikese ikawa stesheni.

Stesheni hiyo ndiyo iliyoiingiza Mikese katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwishoni mwa Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akarudi nyuma kwa kuizunguka Milima ya Uluguru kuelekea Kisaki, kisha Rufiji. Waingereza walipotaka kumfuata walihitaji mahali pa kushushia mizigo kutoka kwenye treni na kuanza safari ya nchi kavu kwenda kusini. Mahali hapo pakawa Mikese. Chakula, risasi, dawa, mahema na makombora ya mizinga vilishushwa hapa na kupelekwa na wapagazi Tulo, Duthumi na mbele hadi mstari wa mapigano. Brigedi ya Nigeria, iliyofika Afrika Mashariki mwishoni mwa 1916, ilianzia hapa safari yake ya kwenda Rufiji.

Kwa nini wapagazi? Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Malori ya wakati ule yalimudu kiangazi, lakini mvua za mwanzo wa 1917, zilizokuwa kubwa kupita kawaida, ziliifanya barabara kuwa tope, na mito inayoshuka Uluguru ikafurika. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Hesabu yake ni ya kikatili. Mtu anayebeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku, akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, anafikisha mbele kilo tano tu. Zilizobaki amezila njiani. Ili kumlisha askari mmoja aliye mbali, lazima wawepo wapagazi wengi nyuma yake, na ili kuwalisha wapagazi hao wahitajike wengine. Mgao ulipopungua, wa kwanza kupunguziwa alikuwa mbebaji. Walikufa zaidi kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa kuliko kwa risasi.

Katika vita nzima ya Afrika Mashariki, Waingereza pekee walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja. Vifo vilivyoandikwa vinakaribia laki moja, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa zaidi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao kumbukumbu zao ni hafifu zaidi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini, wakati wa kulima, na vijiji vilivyobaki bila nguvu kazi vikaingia kwenye njaa.

Sasa tazama utalii unavyoikumbuka vita hii. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, aliuawa Kapteni Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza. Kaburi lake lipo, limefunikwa kwa bamba, ndani ya eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Wageni wanaolala kwenye kambi za kifahari hupelekwa kuliona. Pori zima lilipewa jina lake mwaka 1922, na kwa karibu karne nzima Watanzania tulilitamka bila kujiuliza. Simnyimi marehemu heshima yake. Alikufa akiwa mtu wa zaidi ya miaka 60, kwenye mstari wa mbele. Ila chakula alichokula Beho Beho kilifika hapo kwa vichwa vya watu waliotoka Mikese, na watu hao hawana hata jiwe.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kamati maalumu ikikiri jambo hilo. Ilisema watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000. Tume iliomba radhi. Tume hiyohiyo inatunza makaburi ya vita Morogoro mjini, yenye mawe yaliyopangwa mistari, nyasi zilizokatwa na jina la kila mmoja. Kutoka makaburini hapo hadi stesheni ya Mikese ni mwendo wa nusu saa kwa gari.

Hilo ndilo ninaloliita kivutio kilicho nje ya lango. Hakuna wa kumkatia mgeni tiketi ya kuiona barabara ya wapagazi. Hata hivyo, kwa mwanahistoria wa Lagos, kwa mjukuu wa askari wa Pretoria au London, na zaidi kwa kijana wa Kitanzania ambaye shuleni alisomeshwa vita hii kwa aya mbili, njia ya Mikese hadi Kisaki ina uzito mkubwa kuliko simba mmoja zaidi.

Nyuma ya barabara umesimama mlima. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Kwa kuwa misitu yake ilipata mvua za Bahari ya Hindi bila kukoma kwa muda mrefu mno, viumbe waliojitenga hapo wakageuka kuwa wa aina yao. Kuna ndege mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, Malaconotus alius kwa jina la kisayansi, asiyepatikana popote duniani ila Uluguru. Kuna vinyonga, vyura na mimea ya chini ya msitu ambayo mtaalamu husafiri kutoka Ulaya kuja kuitazama kwa lenzi. Kilele cha juu kabisa, Kimhandu, kinapita mita 2,600, na uwanda wa Lukwangule una majani na ukungu usiofanana na chochote kilicho bondeni. Tangu 2008 misitu hiyo imeunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia yenye hekta zaidi ya 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Wapenzi wa ndege wanalijua hilo. Wao ni wachache, wavumilivu, na hulipa. Lakini kwa Mtanzania wa kawaida thamani ya Uluguru haipo kwenye ndege, ipo kwenye bomba. Mto Ruvu unazaliwa humu. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inachota maji yake na kuyapeleka Pwani na Dar es Salaam, jiji ambalo kwa sensa ya 2022 lilikuwa na watu 5,383,728. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2022 Ruvu ilipungua sana, na jiji likaishi kwa mgao wa maji. Wakati ule kila redio ilizungumza kuhusu mvua. Sikumbuki mjadala mkubwa kuhusu mkulima wa Kibungo Juu, huko milimani, ambaye uamuzi wake wa kulima au kutolima ukingoni mwa kijito ndio unaoamua maji yashuke safi au yashuke na udongo.

Hapa historia ina somo ambalo mpanga mipango wa utalii anapaswa kulijua kwa moyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona mmomonyoko wa Uluguru na kubuni mpango wa matumizi ya ardhi. Wataalamu wake hawakukosea kuhusu udongo. Waliwaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko, kila kaya kwa kipimo chake, na asiyechimba apigwe faini. Waluguru walikataa. Matuta yalifukua udongo usio na rutuba, yalikula muda wa kulima chakula, na yalizua shaka kwamba serikali inatafuta mbinu ya kuchukua ardhi. Julai 1955, Matombo, umati ulikusanyika, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata milimani humo wafuasi ambao hakuna hotuba ingeweza kuwapata kwa urahisi vile.

Nusu karne baadaye, mwishoni mwa miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yalikwenda milima ileile, kata ya Kibungo Juu, yakiwa na wazo lilelile la kuzuia udongo usishuke. Safari hii wakulima waliombwa, wakaelezwa, na wakalipwa. Wanunuzi walikuwa watumiaji wa maji ya bondeni, shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima wakachimba matuta ya ngazi. Matuta ambayo babu zao waliyakataa mbele ya bunduki, wajukuu waliyachimba kwa hiari, kwa sababu ardhi ilibaki yao na kazi ilikuwa na malipo. Udhaifu wa mpango huo ulikuwa kwamba ulitegemea fedha za mradi. Mradi ulipokwisha, malipo hayakugeuka kuwa utaratibu wa kudumu wa nchi. Kanuni iliyojitokeza, hata hivyo, naichukulia kuwa imethibitika: Uluguru hailindwi dhidi ya Waluguru. Inalindwa nao.

Nairejelea kanuni hii kila ninapoona mpango wa kukuza utalii wa kusini. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa REGROW, dola milioni 150, kwa ajili ya Mikumi, Udzungwa, Ruaha na eneo ambalo sasa ni Nyerere. Viwanja vya ndege vidogo, barabara za ndani, malango mapya. Aprili 2024 benki ilisitisha utoaji wa fedha kufuatia malalamiko ya wananchi wanaopakana na Ruaha kuhusu kuhamishwa na kutendewa ukatili, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa. Mabishano kuhusu nani alikosea yataendelea. Kwa mtu wa Morogoro linalobaki ni kwamba miaka saba ya mipango ilikwama juu ya swali lilelile la Matombo mwaka 1955, la nani mwenye ardhi na nani aliulizwa.

Twende kwa wenyewe, basi. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi ya ukoo hupita kwa upande wa mama, na mwanamume anayeoa mara nyingi hulima kwa ridhaa ya ukoo wa mkewe. Kinole, upande wa mashariki wa mlima, ni kiti cha Kingalu, cheo kinachorithiwa pamoja na dhamana ya mvua. Jina hilo limefika mjini: soko kuu la Morogoro lililofunguliwa mwaka 2021 limepewa jina la Chifu Kingalu. Ni heshima nzuri. Lakini msafiri anayenunua nyanya sokoni humo haelezwi popote kwamba cheo hicho bado kina mwenyewe, na kwamba mlima anaouona kupitia mlangoni ndiko kilikotoka.

Kusini zaidi kuna Kolelo. Pango la Kolelo lilikuwa mahali pa kuombea mvua na mazao, na sifa zake zilienea hadi kwa Wazaramo wa pwani. Watu walisafiri siku nyingi kupeleka maombi. Mwaka 1905, mwaka wa Vita vya Majimaji, ujumbe uliosemwa kutoka kwa Kolelo uliwafikia watu kwamba wasilipe tena kodi ya Mjerumani. Wanahistoria wamejadili kwa muda mrefu namna ibada hii ilivyoungana na ile ya Kinjikitile huko Ngarambe. Kwa hiyo kilomita chache za milima hii zimebeba ibada ya kale, mzizi mmoja wa Majimaji, ghasia za matuta na chanzo cha maji ya Dar. Sijui eneo jingine nchini lenye msongamano wa historia kama huu na wageni wachache kiasi hiki.

Je, tupeleke basi la watalii pangoni? Hapana, na hapa natofautiana na wenzangu wengi wa fani hii wanaodhani kila chenye maana lazima kiuzwe. Matambiko yana wenyewe. Ngoma ya mwali ina siku yake, ina wanaoruhusiwa kuingia na wasioruhusiwa, na ikichezwa kwa ratiba ya hoteli inakufa siku hiyohiyo. Ngoma ya mbeta, yenye filimbi zinazojibizana, ni jambo jingine: ni ya furaha, ya hadhara, na wazee wanaoijua wanapungua, kwa hiyo mgeni anayelipa kuisikiliza anaweza kuwa sababu ya kijana kujifunza. Ukoo ndio unaopaswa kuamua kipi kipo upande gani. Afisa utamaduni akae chini asikilize, na wakisema hapana, iwe hapana.

Kuna visivyo na utata wowote. Kinole na vijiji vya jirani hulima karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga chini ya migomba na miembe, kwenye miteremko yenye vijito. Zanzibar, shamba la viungo ni mojawapo ya ziara zinazouzwa zaidi; mgeni hunusa jani, hufumba macho akakisia, hula embe, hununua pakiti. Kinole ina haya yote na mlima juu yake. Pia ipo Kitulangalo, msitu wa miombo kando ya barabara kuu mashariki mwa Mikese, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina eneo lake la mafunzo. Miombo ndiyo misitu inayofunika sehemu kubwa zaidi ya nchi hii, ndiyo inayochomwa mkaa, na ni wachache mno kati yetu waliowahi kutembea ndani yake wakiwa na mtu wa kuwatajia miti kwa majina.

Mji wenyewe, mji kasoro bahari, una vya kwake, ambavyo vinajulikana zaidi, kwa hiyo nitapita haraka. Mazimbu, ambako ANC ilijenga Chuo cha Solomon Mahlangu kuanzia 1978, pana makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini na majengo ambayo sasa ni kampasi ya SUA. Shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Na kuna muziki: Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Inaniuma kwamba mtu anaweza kulala Morogoro siku tatu asipate mahali hata pamoja pa kusimuliwa habari za Mbaraka.

Nani atakuja? Jibu la kawaida ni Mzungu. Mimi naanza na Dar. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, safari ya Dar hadi Morogoro ilishuka chini ya saa mbili. Familia inaweza kuondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni bila kuomba ruhusa kazini. Watu hawa hawahitaji kambi ya kifahari. Wanahitaji mtu wa kuwapokea stesheni, gari la uhakika, chakula cha mama lishe kilicho safi, choo, malazi ya heshima, na kijana anayeijua historia ya kwao kwa ufasaha. Nchi ina mfano wake: programu za utalii wa utamaduni zilizoanza katikati ya miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii na shirika la Kiholanzi la SNV. Mto wa Mbu umekula matunda yake kwa miaka mingi. Morogoro mjini pia yapo makundi yanayopandisha wageni hadi Choma na Morningside. Kilichokosekana ni kuuvuka mlima hadi upande wa pili.

Upande wa pili sasa una jambo la haraka. Upo mpango wa lami kutoka Bigwa hadi Mvuha, njia ya kwenda Kisaki na lango la Nyerere. Wakulima wanaihitaji lami hiyo. Ndizi zinaozea njiani kila masika, na wagonjwa hucheleweshwa na tope. Lakini Mikese inatuambia kinachofuata iwapo lami itakuja peke yake. Mikese ina lami, reli ya zamani na reli mpya, na bado inapitwa. Kiroka, Mkuyuni na Matombo zinaweza kuwa vituo vya kupitwa vilevile, magari ya utalii yakikimbilia tembo na vumbi likiachwa barazani kwa watu.

Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro sasa ina makao yake Mvuha, juu ya barabara hiyohiyo. Iko mahali pazuri pa kuamua mapema. Wakati mkandarasi anapopimiwa maegesho na sehemu za kupumzikia, viwanja hivyo viandikwe kwa jina la serikali za vijiji. Ada ya kuongozwa milimani iwekewe sheria ndogo inayosema wazi kiasi kinachobaki kijijini, na kisomwe kwenye mkutano wa kijiji kama yanavyosomwa mapato mengine. Wakala wa Misitu, wanaotoza kibali cha kuingia hifadhini, wakubali mgeni aongozwe na kijana wa kijiji kinachopakana na msitu. Na mamlaka za maji zirudi kwenye lile wazo la Kibungo Juu, safari hii kwa kifungu cha bajeti kinachojirudia kila mwaka, kwa kuwa utalii peke yake hautalipa gharama ya kuutunza mlima huu na ni uongo kuwaahidi watu hivyo.

Kwa Mikese yenyewe, ombi langu ni moja. Januari 2025, Cape Town, Tume ya Makaburi ya Vita ilizindua kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita hiyo wakifanya kazi zisizo za silaha. Ni nguzo za mti wa iroko, kila moja ina jina na tarehe ya kifo, zimesimamishwa katika bustani ya umma ambako watu hupita kila siku. Tume imeshasema inadaiwa na Afrika Mashariki. Wizara ya Maliasili na Utalii, yenye dhamana ya mambo ya kale, iandike barua rasmi na kuitaja Mikese kwa jina, eneo la stesheni ya zamani, kama mahali pa kumbukumbu ya wapagazi. Idara ya historia ya chuo kikuu chetu kimojawapo ipewe kazi ya kupekua daftari za malipo na orodha za vifo zilizobaki Dar es Salaam, Nairobi na London. Majina yatakayopatikana yachongwe, na kwa wale ambao hayatapatikana, vitajwe vijiji na makabila yao. Ardhi ya kuweka nguzo hizo ipo, barabara ipo, na malori yameshazoea kusimama.